Habari za Stroberi, na Jinsi Lilivyopatikana Tunda la Bustani Zetu

Katika kitabu hiki cha Yubile wasomaji watakuta habari za makanisa na shule, za mapadre na masista na makatekista waliotutangulia, na hesabu za waliobatizwa na waliofunga ndoa. Sisi tumepewa ukurasa wa bustani. Twaupokea kwa furaha, kwa kuwa mambo ya jembe nayo yana historia yake, tena mara nyingi historia hiyo huandikwa vibaya, maana mmea hauna mwandishi wa kuutetea.

Tumechagua mmea mmoja tu, nao ni stroberi. Apitaye karibu na nyumba za watu wa milimani huiona katika matuta madogo, nyuma ya jiko au kando ya ua, mahali pasipozidi hatua sita kwa nne: majani yaliyogawanyika sehemu tatu, yenye kingo kama meno ya msumeno, ua jeupe, na tunda jekundu lililotapakaa mbegu juu ya ngozi yake. (Mtu asiichanganye na forsadi, ambayo ni tunda la mti, wala si jamaa yake.) Ukimwuliza mwenye bustani tunda hili limetoka wapi, atakujibu pasipo kusita ya kwamba limetoka Ulaya. Jibu hilo ni kweli nusu. Stroberi ya bustani ilizaliwa Ulaya, lakini wazazi wake wote wawili walitoka Amerika, na mmoja wa wazazi hao alikwisha kulimwa na kutunzwa na wenyeji wa Chile kabla Mzungu yeyote hajamwona.

Tuanze na ile ya Ulaya yenyewe, kwa kuwa nayo ipo. Katika misitu ya Ulaya huota stroberi ya mwitu, ndogo kama ncha ya kidole, yenye harufu nzuri mno. Watu waliichuma msituni, kisha wakaihamishia bustanini. Imeandikwa ya kwamba mwaka 1368 mtunza bustani wa Mfalme Charles wa Tano wa Ufaransa alipanda miche 1,200 katika bustani za Louvre, mjini Paris. Wachoraji wa picha takatifu nao waliipenda. Huko Solothurn, katika nchi ya Uswisi, iko picha iliyochorwa karibu na mwaka 1425, nayo yamwonyesha Bikira Maria ameketi mbele ya tuta la stroberi, na Mtoto Yesu yupo pamoja naye. Watu wa zamani zile waliona ya kuwa mmea huu hubeba ua jeupe na tunda jekundu kwa wakati mmoja, wakaufanya mfano wa ubikira na uzazi wa Mama yetu. Na katika jani lake la sehemu tatu wakaona mfano wa Utatu Mtakatifu. Hayo ni mazuri. Walakini tunda lenyewe lilibaki dogo. Ulitie samadi utakavyo, ulimwagilie asubuhi na jioni, stroberi ya msituni haikui ikawa kubwa. Katika jambo hilo mfalme na maskini walikula sawasawa.

Sasa yatupasa kuvuka bahari, tufike pwani ya magharibi ya Amerika ya Kusini, katika nchi iitwayo Chile. Huko tangu kale walikaa Wamapuche, pamoja na ndugu zao Wahuilliche walio kusini zaidi. Watu hao waliiona stroberi ya pwani, mmea mnene wenye majani magumu uvumiliao chumvi na upepo, wakauchukua wakaupanda mashambani. Kila walipoona mche wenye tunda kubwa kuliko wenziwe waliuweka, wakauzidisha kwa kamba zake, vizazi kwa vizazi, hata wakapata tunda lisilokuwa na mfano wake duniani kwa ukubwa. Waliila mbichi, wakaikausha, wakatengeneza pombe kwayo. Ile iliyolimwa waliiita kellen. Wahispania walipofika katikati ya miaka ya 1500 wakaiita frutilla, maana yake tunda dogo, jina ambalo kwa maoni yetu halikuwa la haki hata kidogo. Padre Alonso de Ovalle, Mjesuiti mzaliwa wa Santiago, aliyetoa kitabu cha habari za Chile mjini Roma mwaka 1646, aliishuhudia vema zaidi: alieleza ya kwamba stroberi za kwao zawashinda kwa ukubwa zile alizoziona Roma. Kitabu chake kilisomwa, lakini mche haukuja.

Mche ulikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia, yaani kwa mkono wa mpelelezi.

Mwaka 1711 Mfalme Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa alitaka kujua hali ya bandari na ngome za Wahispania katika Chile na Peru. Akachaguliwa Amédée-François Frézier, mhandisi wa jeshi, mzaliwa wa Chambéry, mwenye umri wa miaka 29. Akaondoka bandari ya Saint-Malo mwezi wa Januari mwaka 1712, akijifanya mfanya biashara, apate kuwaamkia maliwali na kutembea penye mizinga yao bila kushukiwa. Mwezi wa Juni akafika Concepción, mji ambao siku zile ulikuwa mahali paitwapo Penco, kwa maana haukuhamishwa bado. Huko, karibu na mpaka wa nchi ya Wamapuche waliokuwa wamewazuia Wahispania muda mrefu wasiuvuke mto Biobío, Frézier akapima kuta na kuhesabu mizinga kama alivyoagizwa. Akaona pia mashamba mazima ya stroberi. Akaandika ya kwamba matunda yake kwa kawaida yalikuwa na ukubwa wa jozi, na mengine yalifikia yai la kuku. Rangi yake nyeupe iliyochanganyika na wekundu, na ladha yake imepungua kidogo kuliko ile ya msituni kwao. Tena, kana kwamba mambo haya yalipangwa, jina lake Frézier lafanana sana na neno la Kifaransa la mche wa stroberi.

Aliporudi mwaka 1714 alichukua miche ndani ya merikebu. Safari ilikuwa ya miezi sita, kwa kuizunguka Rasi ya Horn na kuikata Atlantiki yote. Aliyepata kusafiri baharini ajua ya kuwa maji matamu melini ni kama fedha. Kila kikombe kina hesabu yake, na mabaharia hawapendi kuona maji ya kunywa yakimwagiwa majani. Miche 5 tu ilifika hai Marseille, tarehe 17 Agosti. Miwili katika hiyo ilimwendea msimamizi wa shehena, aliyekubali kutoa maji ya kuinyweshea. Mmoja alipewa Antoine de Jussieu kwa Bustani ya Mfalme mjini Paris, mmoja ukapelekwa kwa Bwana Le Peletier de Souzy, mkubwa wa kazi za ngome, na mmoja Frézier akabaki nao mwenyewe. Wakati ule stroberi kubwa yote ya Ulaya ilikuwa miche mitano, nayo ilifika hai kwa sababu ya maji yaliyopunguzwa vinywani mwa watu.

Paris wakaipanda kwa heshima kubwa. Ikastawi. Ikatoa kamba, kamba zikatia mizizi, miche ikawa mingi, ikagawiwa kwa bustani za wakuu. Ikachanua maua makubwa. Lakini haikuzaa. Mwaka ukapita, na wa pili, na wa tatu, na miaka mingi baadaye; na pale lilipotokea tunda lilikuwa limepinda, dogo, lisilo na maana. Wengine wakalaumu baridi, wengine udongo, na wengine wakaona Frézier alitia chumvi katika kitabu chake.

Sababu yake mama yeyote wa Kiafrika mwenye mpapai uani angaliweza kuwaambia. Uko mpapai dume na uko mpapai jike. Jike hubeba mapapai, dume huchanua bure. Na wakulima wa tende wa Oman na wa Iraki tangu zama za kale huchukua maua ya mtende dume wakayafunga juu katika mtende jike, kwa maana wajua ya kuwa pasipo hivyo hakuna tende. Stroberi ya Chile nayo ndivyo ilivyo: miche mingine ni dume, mingine ni jike. Naye Frézier, kama angalivyofanya kila mtu mwenye akili, alipokuwa Concepción alichagua miche yenye matunda makubwa. Mche wenye tunda ni jike. Basi aliwavusha bahari wajane watano, na miche yote iliyotoka katika kamba zao ilikuwa majike vilevile, kwa kuwa mche wa kamba ni mwili uleule wa mama yake. Kadiri walivyoitunza peke yake katika tuta safi, imetengwa na nyingine zisizo na cheo, ndivyo walivyozidi kuinyima mume.

Mambo yalitengenezeka kwingine, wala si katika bustani ya mfalme. Magharibi kabisa ya Ufaransa, katika nchi ya Bretagne, iko bandari ya jeshi iitwayo Brest, na ng'ambo ya maji yake kuna rasi ya Plougastel. Watu wa Plougastel walikuwa wakulima wadogo wa pwani na wavuvi. Mashamba yao yalikuwa vipande vipande vilivyozungukwa na kuta za mawe, vikielekea kusini kwenye jua, na samadi yao ilikuwa magugu ya bahari. Mbele ya kanisa lao waliwahi kujenga kalvario kubwa ya mawe yenye sanamu zaidi ya mia za maisha na mateso ya Bwana wetu, kati ya mwaka 1602 na 1604, baada ya tauni ya mwaka 1598. Nayo ipo hata leo, ingawa iliharibiwa na mabomu mwaka 1944 ikatengenezwa tena. Miche ya Chile ikafika kwao, ikapenda hewa ile ya bahari, iliyofanana na ya kwao.

Tena watu hao hawakuwa na nafasi ya kutenga tuta kwa ajili ya heshima. Mkulima mwenye kishamba cha hatua chache hupanda alivyo navyo pamoja. Walikuwa na stroberi nyingine, iliyoletwa katika miaka ya 1600 kutoka Virginia, Amerika ya Kaskazini, yenye tunda dogo, jekundu sana na tamu. Wakaona ya kwamba ile ya Chile ikiwa imepakana na ile ya Virginia, au na stroberi ya Ulaya yenye harufu ya miski, huzaa. Na ikiwa peke yake haizai. Hawakuuliza kwa nini. Wakaendelea kuzichanganya mistari kwa mistari, wakapata matunda makubwa ya kupeleka soko la Brest, miaka mingi kabla wanavyuoni hawajalitia jambo hilo katika vitabu. Frézier mwenyewe baadaye alirudishwa kazini Bretagne kusimamia ngome, akafa Brest mwaka 1773.

Aliyeleta maelezo ni kijana, jina lake Antoine Nicolas Duchesne, aliyezaliwa mwaka 1747 huko Versailles, ambako baba yake alikuwa msimamizi wa majengo ya mfalme. Kijana huyu alichukua stroberi ya Chile akaitia unga wa maua ya ile yenye harufu ya miski, nayo ikazaa. Tarehe 6 Julai 1764, hali hajatimiza miaka 17, akamletea Mfalme Louis wa Kumi na Tano chungu chenye mche uliojaa matunda makubwa. Mfalme akapendezwa, akampa ruhusa ya kukusanya stroberi za kila namna katika bustani ya Trianon. Mwaka 1766 Duchesne akatoa kitabu chake cha historia ya stroberi. Ndani yake alionyesha ya kuwa ziko dume na jike. Tena akasema juu ya stroberi mpya iliyokuwa imekwisha kuonekana katika bustani za Ulaya, ikiitwa stroberi ya nanasi kwa ajili ya harufu yake, ya kwamba hiyo ni mtoto wa Chile na Virginia.

Alisema kweli. Philip Miller, mtunza bustani maarufu wa London, alikuwa ameiandika stroberi hiyo ya nanasi mwaka 1759 bila kuwajua wazazi wake. Ndiyo iliyorithi ukubwa wa mama na wekundu na utamu wa baba. Tena ua lake lina sehemu za kiume na za kike pamoja, hata mche mmoja waweza kuzaa. Ndiyo hii yetu. Elimu ya siku hizi imeeleza kwa nini ndoa hiyo ilifaa: katika kila chembe ya mwili wa stroberi ya Chile mna nyuzi za urithi, ziitwazo kromosomu, 56, na ya Virginia vilevile 56, zikalingana. Ile ya msituni ya Ulaya ina 14 tu, na ile ya miski 42. Hao waweza kulisaidia ua la Chile litoe tunda, ila hawawezi kuanzisha ukoo. Jambo la kutazamisha ni hili, kwamba jamaa wawili wa asili moja waliotengana katika bara kubwa la Amerika walikutanishwa katika matuta ya mboga ya Ulaya.

Yaliyofuata twayapita upesi. Waingereza walizaa aina nyingi kutoka katika mbegu hiyo. Michael Keens, mkulima wa soko kule Isleworth karibu na London, alionyesha mwaka 1821 tunda lililosifiwa kila mahali. Marekani wakazidisha. Hata leo aina karibu zote zilimwazo ulimwenguni, za shamba kubwa na za kibustani cha nyuma ya nyumba, ni za ukoo ule.

Na sisi je? Stroberi haipendi joto la pwani. Katika nchi za juu, kama Lushoto katika milima ya Usambara au Limuru katika Kenya, hupata ubaridi iutakao. Huko Ulaya aina nyingi hungoja siku ziwe fupi ndipo zitunge machipukizi ya maua, na siku zikiwa ndefu hutoa kamba. Kwetu mchana na usiku karibu ni sawa mwaka mzima; kwa hiyo palipo na ubaridi na maji mmea huweza kuchanua miezi mingi, lakini hutoa kamba chache. Basi mwenye bustani asizikate zote kwa pupa; aziachie baadhi ya miche iliyo bora, azilaze juu ya udongo mpaka ziote mizizi, kisha azitenge.

Apande kwa nafasi ya sentimeta 30 au zaidi, katika udongo uliotiwa samadi iliyokwisha oza. Kitovu cha mche, yaani pale majani yanapochipukia, kiwe sawasawa na uso wa udongo: kikifukiwa huoza, kikiinuliwa mizizi hukauka. Asipande palipotoka nyanya, mbatata au biringani juzi, kwa kuwa mimea hiyo huacha udongoni ugonjwa wa kunyausha ambao stroberi nayo huupata. Chini ya matunda atandaze manyasi makavu, yasiguse matope, maana tunda lenye maji hushikwa na ukungu wa kijivu, na usiku konokono hufanya karamu. Baada ya miaka mitatu au minne ang'oe ya zamani na kupanda vijana mahali pengine.

Liko neno moja zaidi, ambalo watu wengi hawalijui. Vile vitone juu ya stroberi si mbegu tupu. Kila kimoja ni tunda kamili la mmea, na nyama nyekundu tuilayo ni kikalio cha ua kilichovimba. Kila kitone kilichopata unga wa ua huiamuru nyama iliyo chini yake ikue. Kisichopata hubaki, na mahali pake tunda huingia ndani. Ukiona stroberi iliyopinda, usilaumu samadi kwanza. Nyuki hawakufika, au mvua iliwazuia, au dawa imewaua. Kwa hiyo apuliziaye dawa wakati wa maua ajipunguzia mavuno kwa mkono wake.

Vitabu vingi husema ya kwamba Frézier ndiye aliyetupa stroberi kubwa, na kweli bila subira yake ile miche mitano ingalikauka. Jina lake lajulikana kwa sababu aliandika kitabu. Walioitafuta tunda kwa tunda katika mashamba ya Chile hawakuandika, na waliojua namna ya kuizalisha huko Plougastel hawakuandika pia. Nasi twaona ya kuwa kazi kubwa ilikuwa yao. Rasi ya Plougastel yalima stroberi hata leo, ingawa sasa nyingi zafunikwa vibanda. Na katika Chile, karibu na Purén na Contulmo, penye milima ya Nahuelbuta, ziko jamaa za wakulima wadogo ambao bado hulima ile nyeupe ya asili, haijachanganywa na nyingine. Ngozi yake ni nyeupe yenye haya ya wekundu, vitone vyake ni vyekundu, nayo huchumwa mwisho wa mwaka, karibu na siku za Noeli.